Kikombe cha Mkojo cha Mdogo Wangu

Nianze na ujinga wenyewe, mtu asije akasema niliuficha. Nilichukua kikombe cha plastiki ambacho nesi alimpa mdogo wangu akojolee, nikaingia nacho chooni, nikakojoa mimi. Halafu nikampelekea nesi nimekishika kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama mtu anayemletea mgeni chai.

Ulikuwa mkojo safi. Sijisifu bure, hata nesi aliusifu. Shida ni kwamba haukuwa wa mgonjwa, na dawa iliyokuwa inangoja kuingia mwilini ilikuwa yake, si yangu.

Mdogo wangu alianza na taya. Tulikuwa nyumbani Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, shavu lake likavimba upande mmoja, mimi nikamwita Mbuzi kwa sababu alionekana kama ameficha majani mdomoni. Mama alidhani ni jino. Jino likang'olewa, shavu likaendelea kukua. Zahanati ya kambini ikatutuma Mbarara, kwenye hospitali kubwa, na huko wakasema ni kansa, ile inayopenda watoto, lakini ina dawa, na dawa yake inaingia kwa mpira wa dripu, na itabidi turudi na kurudi. Nililiacha jina la Mbuzi siku hiyohiyo. Niliogopa. Nasema hivi mapema kwa sababu yanayofuata yatakufanya ufikiri sikuogopa.

Niliogopa wiki nzima, kisha wivu ukaja ukakaa juu ya woga kama mtu anayekalia kiti cha mwenzake.

Wivu wa nini, mtoto mwenye kansa? Ngoja nikuambie. Kwanza kuku wangu. Nilikuwa na kuku mmoja, niliyemlea mwenyewe tangu akiwa kifaranga, akachinjwa ili mgonjwa anywe supu, na mimi nikaitwa kumshika miguu. Pili, kanisa. Wamama wa kwaya walikuja na mayai, na ndizi mbivu, na juisi ya pasheni ndani ya chupa, wakaomba wakimwekea mikono kichwani, wakatoka wakipita mbele yangu kama mimi ni njia ya kwenda chooni. Mimi pia nilikuwa na kichwa. Hakuna mkono hata mmoja uliokigusa.

Lakini kilichoniuma kweli ni jina. Kwetu mwanamke akizaa mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe linakwenda kupumzika. Anakuwa Mama Fulani, na Fulani ni yule aliyefungua tumbo. Fulani nilikuwa mimi. Tangu nizaliwe, bombani, kanisani, kwenye mstari wa posho, jina langu lilikuwa linaitwa zoni nzima hata nikiwa nimelala, kwa sababu lilikuwa jina la mama. Sasa tulipofika wodini, nesi hakuwa na haja ya mtoto wa kwanza, alikuwa na haja ya mgonjwa. Akaita, "Mama," akaweka jina la mdogo wangu. Nilimgeukia mama nikingoja amsahihishe. Mama akaitika. Akaitika haraka, hata hakujikwaa.

Nikasema moyoni, haya, hata mama amehama.

Ile likizo mama alinichukua Mbarara nimsaidie. Nilikuwa nimemaliza muhula wa senior two, kidato cha pili, na kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kupuliza makaa nyuma ya wodi, na kutafsiri. Nesi alikuwa mtu wa hukuhuku, Munyankole, Kiswahili chake alikiokota sokoni na kwa askari. Mama alikuwa na kile chetu cha kule Kivu, Kongo. Wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili na wote wawili walikuwa wanahitaji mtu katikati. Siku ya kwanza nesi alitusimamisha karibu na kitanda, akasema, "Nyabo, mama, hii dawa ni kali. Inapita kwa kibofu. Kama maji iko kidogo, inakaa hapo, inachoma. Mutoto anaanza kukojoa damu. Kwa hivyo anywe, anywe, anywe. Mukojo ikuwe kama maji. Kama bado, mimi siweki dawa."

Mama akaniangalia. "Anasema nini?"

"Anasema dawa ni sawa pilipili. Ikikaa ndani ya kibofu bila maji, inaunguza, mutoto anakojoa damu. Anywe mpaka akojoe sawa bomba ya kwetu siku maji imerudi."

"Amesema bomba?"

"Bomba nimeongeza mimi."

"Tafsiri," mama akasema, "usipike."

Kwa hiyo usinitetee kwamba sikujua. Nilijua kuliko mama. Maneno yalipita kwenye mdomo wangu.

Kupima kulikuwa hivi. Nesi anachukua kijikaratasi chembamba chenye viraka vya rangi, anakichovya kwenye mkojo, anangoja kidogo, halafu anakilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo. Kiraka alichokuwa anakitazama kwa dawa hii kilikuwa kimoja. Kikigeuka njano, mkojo ni mzito, mtoto hajanywa. Kikibaki kijani kilichoiva mpaka kinataka kuwa bluu, mkojo ni mwepesi, dawa ije. Mimi nilipenda sana kile kijikaratasi. Nilimwomba nesi anipe kimoja nipime mbuzi wa jirani, akasema, "Wewe toka hapa."

Kitanda cha pili kulikuwa na mke wa askari wa kambi ya jeshi ya palepale Mbarara, na binti yake mdogo mwenye kichwa kilichong'aa kama sufuria mpya, kwa sababu dawa ilikuwa imeangusha nywele zote. Mke wa askari alikuwa na sauti ya kwenye gwaride. Mimi aliniita Kamanda. Binti yake alicheka kila nikifungua mdomo, hata nikiuliza saa. Na kikombe cha yule binti kilitoka chooni cheupe kila siku, mama yake akikibeba juu kama kombe la mpira. "Ona ya kwangu! Ona! Hiyo ni maji ya chupa!"

Mama yangu naye alitaka kombe. Akaanza kutengeneza jagi kila alfajiri: maji ya kuchemsha yaliyopoa, juisi ya pasheni kwa utamu, sukari kidogo. Akaniwekea kando ya kitanda akasema, "Huyu amalize hii mbele nesi aje. Wewe ndiye mukubwa." Kisha akaenda nyuma ya wodi kufua na kupika uji.

Mdogo wangu hakutaka kunywa. Dawa za awali zilikuwa zimemtoboa midomo kwa ndani, kila tone lilimchoma. Mimi aliniita Yaya, ndivyo kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya, sitaki. Inaniuma."

"Kunywa kidogo tu. Ingine mi namaliza."

"Utamaliza yote?"

"Yote. Mi nakusaidia."

Akanishukuru, maskini. Alifikiri nina huruma. Mimi nilikuwa nafikiria juisi, na wamama wa kwaya, na kuku wangu, na kwa kila kikombe nilichomeza nilihisi kama nimerudisha kitu kidogo nyumbani kwake kwenye tumbo langu. Mama aliporudi akakuta jagi limekauka, akamshika mdogo wangu mashavu yote mawili, lile zima na lile lililovimba. "Mutoto wangu muzuri! Umekunywa yote!" Mdogo wangu akanitazama pembeni, akacheka bila kufungua midomo. Mimi nilikaa hapo tumbo limejaa kama ngoma, nasikiliza jagi langu likisifiwa kwa jina la mtu mwingine.

Hizo zilikuwa siku za kujizoeza tu, kabla ya dawa hii, kwa hiyo hakuna aliyempima. Siku ya dawa yenyewe nilipanga kumnywesha kweli. Nilipanga. Lakini asubuhi ile mama alimwekea kwenye jagi embe, embe la kukamuliwa, na embe ni ugonjwa wangu mimi. Mdogo wangu akaonja, akakunja uso, akanisukumia. Nikajiambia nitamnywesha maji matupu baadaye. Baadaye nesi akaingia mapema, na kikombe mkononi.

"Kijana, pelekea mudogo wako chooni. Leta mukojo."

Nikambeba mpaka chooni. Akasimama, akajikaza, akatoa matone. Niliyatazama yale matone ndani ya kikombe. Yalikuwa rangi ya chai iliyosahauliwa motoni.

"Imeisha," akasema.

"Jikaze tena."

"Yaya, imeisha."

Sasa hapa lazima uelewe sisi tulivyolelewa. Tangu tulipofika Kabazana, ile sehemu ya kambi wanakopokea wageni, tuliandikwa kwenye kadi moja, na tangu hapo watu wa kadi moja wanashikiana fasi, yaani nafasi. Bombani bidoni langu la maji linakaa kwenye mstari na mimi niko uwanjani nacheza mpira, na jirani analisogeza. Siku ya kuhesabiwa, mdogo wangu alikuwa amelala na homa, mama akanituma, wakaita jina lake nikajibu "Niko!" kwa sauti nyembamba, wakaweka alama, na hakuna aliyekufa. Mtu mmoja akikosekana, mwingine wa kadi ile anasimama. Hilo kwetu si udanganyifu, ni undugu. Basi pale chooni, na kikombe mkononi na kibofu changu kikinikaba kwa embe la jagi zima, akili yangu ilifanya hesabu hiyohiyo. Huyu hana. Mimi ninacho. Kadi ni moja.

Nikayamwaga matone yake. Nikamshikia fasi.

"Usiseme kitu," nikamwambia.

"Sisemi."

Nesi alichovya. Akangoja. Akaweka kijikaratasi kando ya kopo, na kiraka kikabaki kijani, kijani kizuri kilichokwenda kwenye bluu. Akainua kikombe akaweka kwenye mwanga. "Eh! Mama, huyu ndiyo mutoto! Amekunywa vizuri. Ona mukojo yake!" Mke wa askari akasogea kuangalia, akakubali kwa shingo upande kwamba ni maji ya chupa. Mama alipiga vigelegele wodini. Akambeba mdogo wangu, akamzungusha, akamwambia kwamba leo Mungu ameona.

Na mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililohisi halikuwa woga. Lilikuwa wivu. Niliuonea wivu mkojo wangu mwenyewe. Huo ulikuwa wangu! Mimi ndiye niliyenywa, mimi ndiye niliyekojoa, na vigelegele vinakwenda kwake. Nilikuwa karibu kusema kwa ajili ya hiyo sababu tu, ili nipewe changu.

Nesi akaenda kuleta dawa. Mama akamlaza mdogo wangu, akamfunika miguu. Yeye akageuza kichwa kwenye mto akaninong'oneza, "Yaya, nina kiu."

Hajawahi kusema hivyo tangu augue. Kila siku tulikuwa tunapigana naye anywe, na sasa, dawa ikiwa njiani, kiu ikaja yenyewe. Nikaona kibofu chake kikavu kama mfuko wa karatasi, nikaona pilipili ile ikiingia na kukaa humo.

Nesi akarudi. Akatundika chupa ya dawa juu, akaunganisha mpira, akaanza kupiga mpira kwa kidole kutoa hewa.

"Sista," nikasema, "ule mkojo ni wangu."

Nesi akacheka. Mke wa askari akacheka, na binti yake akacheka zaidi kwa sababu yeye hucheka hata nikikohoa. Mama akasema, "Nyamaza wewe, leo si siku ya michezo."

"Kweli, ni mimi nimekojoa. Yeye hajakunywa. Jagi nimekunywa mimi."

"Kamanda!" mke wa askari akapaza sauti akijifuta machozi. "Wewe iko na kichwa mbaya! Sasa unataka kuiba hata mukojo ya mugonjwa?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Hayo ndiyo malipo ya mtu anayepika akiambiwa atafsiri. Niliwatazama wanavyocheka, nikajaribu kuuvaa uso wa mtu mwenye ukweli, na nadhani uso ule ndio uliwachekesha zaidi. Mkono wa nesi ulikuwa tayari kwenye kile kigurudumu kidogo kinachofungulia dripu.

Nikaushika mpira nikaukunja kwa ngumi.

Kicheko kikafa. Nesi aligeuka, na sura yake haikuwa tena ya mtu wa kutaniwa.

"Wewe! Wacha hiyo!"

"Mupatie kikombe kingine. Mbele yako. Akikojoa kama ile, munifukuze."

Sijui alichokiona usoni kwangu. Aliufunga mpira vizuri, akaninyang'anya, akachukua kikombe kingine, akambeba mdogo wangu yeye mwenyewe. Sisi tulingoja. Mama hakuniangalia. Alikuwa anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Nesi aliporudi alichovya mbele ya mama. Kiraka kikageuka njano pale pale, njano ya ndizi. Ndani ya kikombe mkojo ulikuwa mdogo mno, ungeuweka kwenye kifuniko cha chupa ya soda.

"Dawa hii ingeingia," nesi akamwambia mama polepole, akichagua maneno, "huyu angekojoa damu leo." Kisha akanigeukia mimi: "Wewe kijana, unataka kuua ndugu yako?"

Sikutafsiri. Mama alielewa yote.

Nesi akaondoa dawa, akatundika maji matupu. Akasema kama mkojo hautakuwa mwepesi kabla ya daktari kuondoka jioni, dawa ya leo imepotea, na kuichelewesha si vizuri, uvimbe haungoji mtu. Akasema pia kwamba kuanzia sasa mkojo wa mtoto huyu utatoka yeye akiwa amesimama pale. Mke wa askari alivuta binti yake karibu kana kwamba mimi naambukiza.

Maji ya dripu yalikuwa yanadondoka taratibu, na nesi alitaka na ya mdomoni. Mama akamshika mdogo wangu, akamwekea kikombe, mdogo wangu akafunga midomo; kiu anayo, lakini maji yanamchoma. Mama akabembeleza. Akaomba. Akamtisha kwa jina la baba ambaye tulimwacha Kongo. Midomo imefungwa. Na mimi nimesimama ukutani, sina kazi, maana nani atanipa kikombe tena?

Yule binti wa askari ndiye aliyenirudishia kazi. Alinyoosha kidole. "Huyu akunyweshe. Huyu anachekesha."

Nikamtazama mama. Alisogeza mguu tu ili nipate pa kupita.

Nikajifanya afande. Nikachukua kofia ya sufu ya mama nikaivaa kombo, nikaja kwa mguu wa gwaride mpaka kitandani, nikapiga saluti nikajigonga kidole jichoni, kweli kikaingia. Mdogo wangu akakoroma kicheko.

"Askari! Meza risasi moja!"

Akameza. Akakunja uso. Binti wa askari akampigia saluti kutoka kitanda cha pili.

"Ya pili! Adui anakuja!"

Hivyo ndivyo tulivyopigana mchana wote. Alimeza, akalia, akacheka, akameza. Nikiona midomo inamchoma sana tulipumzisha vita, tukamzika adui mmoja, tukaanza tena. Mke wa askari alivumilia vita vya kitoto mpaka akashindwa, akaja kunisahihisha namna ya kushika bunduki. Nesi alipita, akambeba chooni, akarudi: njano. Akapita tena: njano iliyoanza kuchoka. Jagi nilikuwa nalijaza, nalimimina, na mkono wangu ukiwa na maji, sikuuleta karibu na mdomo wangu. Niliona kama nikimeza hata tone wote watageuka kunitazama.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye madirisha ya upande ule wa barabara nesi alipochovya tena, akakigeuza kijikaratasi kwenye mwanga mpaka mama akasimama. Kiraka kilikuwa kijani. Hakikuwa na bluu ya kunifanya nijisifu, lakini kilikuwa kijani.

"Kale, sawa," nesi akasema. "Hii ni yake. Nimeiona ikitoka."

Akaita daktari, daktari akatazama, dawa ikaletwa upya. Kigurudumu kikafunguliwa. Ikaanza kudondoka, tone na tone, na mdogo wangu akalala kabla haijafika nusu, kofia ya afande niliyomvisha ikiwa imemfunika macho.

Mama alikaa kwenye mkeka chini ya kitanda, mimi nikabaki nimesimama palepale ukutani. Alikuwa hajaniambia neno tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa yote: kurudishwa Nakivale na lori la kesho, kusemwa mbele ya wachungaji, kuambiwa mimi si mtoto wake. Alichukua jagi, akamimina kilichobaki kwenye kikombe, akaninyooshea.

"Fimbo yako iko nyumbani, inakungoja. Sasa kunywa. Tangu asubui sijakuona ukimeza kitu, midomo yako imepasuka. Mi siwezi kuuguza batoto babili."